Kasi ya Andromeda: kilomita 300 au 110?

Swali: "Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Bagamoyo. Kitabu kimoja kinasema galaksi ya Andromeda inatujia kwa kilomita 300 kwa sekunde, kingine kinasema 110. Mwanafunzi mmoja akaniuliza ipi ni sahihi. Mwenzake akaongeza: kasi hiyo inapimwa kutoka wapi, wakati kila kitu angani kinatembea? Nimesikia kuwa maikrowevu ndizo zilizotoa jibu. Je, ni hizi hizi za jikoni? Na kuna chochote tunachoweza kupima wenyewe hapa pwani?"

Mwalimu, vitabu vyote viwili viko sawa. Havipatani kwa sababu kila kimoja kimemsimamisha mpimaji mahali pake, wala hakikutaja ni wapi. Kilomita 300 (kwa usahihi zaidi 301) ni kasi anayoiona mtu aliye kwenye Jua. Kilomita 110 ni kasi ambayo angeiona mtu aliyetulia kwenye kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe. Kutoka namba moja kwenda nyingine ni hesabu ya ubaoni. Jua linazunguka kitovu hicho kwa takriban kilomita 240 kwa sekunde, na zama hizi mwelekeo wake umeachana na ule wa Andromeda kwa pembe ya digrii 37 hivi. Zidisha 240 kwa kosaini ya 37, unapata kama 191. Hizo ni kilomita ambazo sisi ndio tunaoifuata Andromeda. Zitoe kwenye 301, zinabaki 110.

Mwanafunzi wa pili ndiye aliyeuliza zito, maana kitovu cha Njia Nyeupe nacho hakikutulia. Nitafika huko. Kwanza tuone kasi yenyewe inapatikanaje.

Aliyeanza ni Vesto Slipher, mwaka 1912, kwenye Lowell Observatory huko Arizona. Alitumia nuru ya kawaida, akakuta mistari ya spektra ya Andromeda imesogea upande wa buluu, akapata kasi ya kilomita 300 hivi. Siku hizi galaksi jirani, hasa zile zenye gesi nyingi, hupimwa kwa hidrojeni. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, na kila moja ina spini. Spini ya elektroni ikigeuka kutoka kuelekea upande mmoja na ile ya protoni hadi kuelekea kinyume chake, atomu inatoa wimbi la sentimita 21, masafa ya megahezi 1,420.4. Atomu moja ikiachwa peke yake huweza kungoja kiasi cha miaka milioni 10 kabla ya kufanya hivyo, lakini galaksi ina atomu nyingi mno, kwa hiyo wimbi halikatiki. Mdachi Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, na Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa Harvard mwaka 1951.

Galaksi ikija kwetu, masafa hayo hupanda, ikienda, hushuka. Ni athari ile ile ya Doppler mnayoisoma darasani. Kwa Andromeda na kilomita zake 301, wimbi linatufikia likiwa limepanda kwa megahezi 1.4, yaani tunalipokea kwenye 1,421.8 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa redio ya kisasa, haihitaji hata kukazana. Isitoshe, kwa kuwa galaksi inazunguka, upande mmoja unakuja zaidi na wa pili unarudi nyuma, basi mstari wa hidrojeni hutanuka. Upana huo uweke akilini, tutauhitaji.

Kuhusu jikoni: ndiyo, wimbi hili la hidrojeni nalo ni maikrowevu, ni ukoo mmoja na za jikoni. Jiko la maikrowevu hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, wimbi la sentimita 12 hivi, na hidrojeni iko jirani hapo chini. Ujirani huo umewahi kuleta kizaazaa. Kwa miaka kadhaa darubini ya Parkes, Australia, ilikuwa ikinasa milipuko mifupi ya redio isiyojulikana asili yake. Mwaka 2015 ikabainika kwamba ilitoka kwenye jiko la maikrowevu la hapo hapo kituoni, pale mtu mwenye njaa alipofungua mlango kabla jiko halijamaliza muda wake.

Sasa, Doppler ina upofu mmoja mkubwa. Inaona kuja na kwenda tu. Galaksi inayokwenda ubavu mbele ya macho yetu haibadilishi masafa kwa kiasi cha kufaa kitu. Ili kuona mwendo wa ubavu lazima uione galaksi ikihama mahali pake angani, na umbali ni mkubwa kiasi kwamba maisha ya mtu hayatoshi kwa darubini ya kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20 Adriaan van Maanen alidai ameona galaksi kadhaa zikizunguka, kwa kulinganisha picha zilizopigwa kwa miaka iliyopishana. Madai hayo yaliwashawishi wengi kwamba galaksi ziko karibu, ndani ya mfumo wetu wenyewe. Vipimo vyake vilikuwa na makosa. Mabadiliko aliyodhani ameyaona ni madogo mno kuonekana kwa picha zile.

Maikrowevu ndizo zilizokuja kuliona jambo hilo kweli, na hapa, Mwalimu, ningekushauri utulie na wanafunzi wako, maana mimi naona ni moja ya vipimo vizuri kuliko vyote katika elimu ya anga. Kwenye mawingu ambamo nyota huzaliwa, mvuke wa maji hupata nishati na kutoa mnururisho mkali wenye masafa mamoja kamili, gigahezi 22.2, wimbi la sentimita 1.35. Chanzo cha namna hiyo huitwa maseri, ambayo ni leza ya maikrowevu. Doa la maseri ni dogo na kali, kwa hiyo mahali pake panaweza kuwekewa alama barabara. Galaksi ya M33, jirani yetu iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.4 hivi, ina maseri za maji pande zake mbili. Andreas Brunthaler na wenzake walizifuatilia kwa miaka kadhaa kwa mtandao wa VLBA, ambao ni madishi 10 yenye upana wa mita 25 kila moja, yaliyotawanywa kutoka Hawaii hadi visiwa vya Karibi na kuunganishwa kuwa darubini moja yenye upana wa zaidi ya kilomita 8,000. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Maseri za pande mbili zilikuwa zinahama kwa namna tofauti, kwa sababu galaksi inazunguka. Van Maanen alikuwa akitafuta kitu halisi kwa chombo kisichokifikia. Na galaksi nzima ilikuwa inahama kwa takriban sehemu 30 za milioni za sekunde ya pembe kwa mwaka (sekunde ya pembe ni digrii moja ikigawanywa kwa 3,600). Waambie wakokotoe wenyewe: ni sawa na kuona milimita moja kutoka umbali wa karibu kilomita 7,000. Ukiunganisha mwendo huo wa ubavu na ule wa Doppler, kisha ukatoa mwendo wa Jua, M33 inatembea kwa kilomita 190 hivi kwa sekunde ukilinganisha na Njia Nyeupe.

Mwendo wa ubavu wa Andromeda yenyewe umepimwa kwa nuru, kwa darubini za angani, Hubble na baadaye Gaia, na umekutwa mdogo. Ndio maana vitabu vingi vinasema itatugonga bila shaka. Msiliandike hilo kwa wino. Utafiti uliotoka mwaka 2025 ulihesabu upya ukiingiza mvuto wa M33 na wa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, ukapata kwamba uwezekano wa kugongana na kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ni kama nusu kwa nusu.

Turudi kwa mwanafunzi wa pili. Kutoka wapi?

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao ya Holmdel, New Jersey, inapokea maikrowevu hafifu kutoka kila upande wa anga, mchana na usiku, majira yote. Ni mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, pale gesi ya moto ilipopoa kiasi cha kuruhusu nuru ipite. Leo umepoa hadi kelvini 2.725. Umejaa kila mahali, nasi tumo ndani yake. Basi kama sisi tunatembea ndani ya mnururisho huo, athari ya Doppler inapaswa kuufanya uonekane wa moto kidogo upande tunaoelekea, na wa baridi kidogo upande tunaotoka. Tofauti hiyo ya pande mbili huitwa daipoli.

Kuipima kulikuwa kazi ngumu, kwa kuwa hewa yetu yenyewe inang'aa kwenye maikrowevu. Mwaka 1977 George Smoot, Marc Gorenstein na Richard Muller walitoa matokeo ya chombo walichokirusha kwenye ndege ya U-2, ile ndege ya ujasusi ya Marekani, juu ya sehemu kubwa ya hewa. Chombo hakikujaribu kupima joto la anga kwa ukamilifu wake. Kilikuwa na antena mbili zenye umbo la pembe ya mnyama, zilizotazama pande mbili za anga, kikapima tofauti kati yake tu, kisha kikageuzwa ili makosa ya pembe moja yafutwe na ya nyingine. Wakapata kasi ya kilomita 390 kwa sekunde, zaidi au pungufu ya 60. Satelaiti za COBE, WMAP na Planck zikafuata, na leo namba ni kilomita 369.82 kwa sekunde, ikiwa na shaka ya 0.11 tu. Wanafunzi wathibitishe: gawa 369.82 kwa kasi ya nuru, 299,792, uzidishe kwa 2.725. Utapata kelvini 0.00336, na hiyo ndiyo tofauti iliyopimwa.

Tunajuaje kwamba tofauti hiyo inatokana na mwendo, wala si anga lenyewe kuwa na upande wa joto? Kwa sababu Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na mwendo huo nao unaonekana kwenye mnururisho: daipoli ndogo ya milikelvini 0.27 inayogeuka na miezi na kurudi pale pale mwaka ukitimia. Satelaiti hizo huitumia kujirekebishia vipimo vyao.

Hapa kuna jambo la Bagamoyo hasa. Sehemu ya anga tunayoelekea iko mpakani mwa makundi ya nyota ya Asadi na Batiya, kwenye digrii 7 hivi kusini mwa ikweta ya anga. Bagamoyo iko digrii 6 na nusu kusini. Kwa hiyo sehemu hiyo hupita karibu kabisa juu ya utosi wenu, kwa tofauti isiyofika digrii moja. Mwanzoni mwa Mei, saa tatu usiku, iko juu ya uwanja wa shule. Tatizo ni masika, mawingu hayatawaacha. Jaribuni katikati ya Machi, usiku wa manane.

Lakini 370 ni kasi ya Jua. Ukitoa mzunguko wa Jua ndani ya Njia Nyeupe, na mwendo wa Njia Nyeupe miongoni mwa jirani zake, unapata kasi ya kundi letu zima, yaani sisi, Andromeda, M33 na galaksi ndogo ndogo zinazotuzunguka. Ni kilomita 620 hivi kwa sekunde, kuelekea upande wa kundi la nyota la Shuja. Wanafunzi watashangaa kwamba kutoa kumeongeza. Sababu ni kwamba zama hizi Jua, katika mzunguko wake, linakwenda karibu kinyume cha upande ambao kundi zima linavutwa. Basi Andromeda na sisi tunachukuliwa pamoja kwa kilomita 620, huku tukisogeleana kwa 110.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama basi mnururisho huu ndio utulivu kamili ambao Einstein aliukataa. Sivyo. Sheria za fizikia ni zile zile kwa anayetulia ndani ya mnururisho na kwa anayekimbia. Huu ni mnururisho uliopo, kama kitu kingine chochote, na unaweza kupima mwendo wako ukilinganisha nao. Faida yake ni kwamba wote tunaweza kuutumia, kutoka galaksi yoyote.

Ukishakuwa na rejea hiyo, galaksi nyingine nazo zinapimika. Chukua ngalawa iliyotoka Bagamoyo kwenda kaskazini. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ukiwa na nguvu zaidi. Aliye nchi kavu anaona kasi moja tu, na ndani yake mna mkondo na mna tanga. Ili ajue tanga limefanya nini, lazima ajue mkondo una kasi gani pale ngalawa ilipo. Kwa galaksi, mkondo ni kupanuka kwa ulimwengu, na kasi yake huongezeka na umbali, takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila miaka ya nuru milioni 3.26. Kinachobaki ukiutoa ni mwendo binafsi wa galaksi, unaosababishwa na mvuto wa majirani.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: kasi, uliyoirekebisha kwa zile 370 za mwendo wetu, na umbali uliopatikana bila kutegemea kasi. Umbali ndio unaotutesa. Mwaka 1977 Brent Tully na Richard Fisher walionyesha kwamba kadiri mstari wa hidrojeni wa galaksi ulivyo mpana, ndivyo galaksi yenyewe inavyong'aa kweli kweli. Linganisha mng'ao huo wa kweli na unaouona, umbali unajitokeza. Ni ule upana niliokuomba uuweke akilini. Hata hivyo njia hii hukosea kwa asilimia 15 hadi 20. Galaksi ikiwa megaparseki 100 kutoka hapa, mkondo wake ni kilomita 7,000, na asilimia 15 ya hizo ni zaidi ya 1,000, wakati mwendo binafsi unaoutafuta ni mia chache tu. Kwa galaksi moja namba hiyo haina maana yoyote. Yeyote akikuonyesha mwendo binafsi wa galaksi moja ya mbali kwa njia hii na kuusifia, usimwamini.

Kwa maelfu ya galaksi kwa pamoja, makosa hufutana na mtiririko unaonekana. Orodha iitwayo Cosmicflows-4 ina karibu galaksi 56,000. Ni kwa orodha mojawapo ya zilizoitangulia ambapo Tully, Hélène Courtois na wenzao, mwaka 2014, walichora eneo la galaksi zinazotiririka kuelekea bonde moja la mvuto, wakaliita Laniakea, lenye upana wa kiasi cha miaka ya nuru milioni 500. Sisi tuko pembezoni mwake. Na zile kilomita 620 zetu zinaelezeka kwa sehemu kubwa kwa wingi wa mata upande wa kundi la nyota la Kantarusi, pamoja na rundo kubwa la galaksi liitwalo Shapley lililo nyuma yake, umbali wa miaka ya nuru milioni 650 hivi, na pia kwa uchache wa mata upande wa pili.

Mnururisho wenyewe unaweza pia kuonyesha mwendo wa makundi mengine, kwa sababu gesi ya moto inayotembea huubadilisha kidogo unapopita ndani yake. Athari hiyo iligunduliwa kwa takwimu mwaka 2012 kwa darubini ya Atacama, Chile. Kwa galaksi jirani moja moja ni hafifu mno.

Usiwafiche wanafunzi kwamba kuna ugomvi. Kama tunatembea kwa kilomita 370, basi kwasari, yaani viini ving'avu mno vya galaksi za mbali, zinapaswa kuonekana nyingi kidogo upande wa mbele. Zimehesabiwa, na mwelekeo umekubaliana vizuri na wa mnururisho, lakini ukubwa umetoka kama mara mbili ya unaotarajiwa. Kuna wanaosema uhesabuji una kasoro, na kuna wanaosema kuna kitu hatujakielewa. Mimi naegemea upande wa kasoro, kwa kuwa vipimo vya satelaiti vimekaguliwa kwa njia nyingi zaidi. Ni maegemeo tu.

Na hapo pwani? Sahauni mnururisho wa kale. Hewa ya Bagamoyo ina mvuke mwingi, na mvuke huo hunyonya na kutoa yale yale masafa ya gigahezi 22 ya maseri na mengine ya juu yake. Ndio maana vyombo hivyo viko jangwani Atacama, kwenye Ncha ya Kusini, au angani. Sentimita 21 ni habari nyingine. Inapenya mawingu na mvua kana kwamba havipo, na masafa ya megahezi 1,400 hadi 1,427 yamelindwa kimataifa, hakuna anayeruhusiwa kurusha humo. Ewen na Purcell walitumia pembe ya mbao iliyofunikwa shaba ndani, iliyotokezwa dirishani, na mvua ilikuwa ikiingia maabara kupitia pembe hiyo. Watu wengi wametengeneza yao kwa maboksi na karatasi ya alumini, wakaongeza kikuzamawimbi chenye kelele ndogo na kile kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye kompyuta. Hamtaipata Andromeda kwa pembe ya namna hiyo. Njia Nyeupe mtaipata, tena mtaona mikono yake ikiwa na kasi tofauti: elekezeni pembe juu, acheni Dunia izungushe anga, mrekodi kila nusu saa. Kabla ya kusoma kasi yoyote kwenye grafu, toeni mchango wa Dunia kulizunguka Jua kwa tarehe mliyorekodi. Hufika hadi kilomita 30 kwa sekunde, yaani karibu megahezi 0.14, na mkiusahau, rekodi za Machi na za Septemba hazitapatana.